Upawa Hauwekwi Chini

Wifi yangu ana meno mafupi. Hakuzaliwa nayo hivyo. Kaka yangu alipomleta nyumbani alikuwa na meno ya kutafuna mifupa. Mvuke wa asidi ndio umeyala polepole, ya mbele kwanza, mpaka sasa akicheka anaweka kiganja mdomoni. Wasiomjua husema, masikini, ana haya. Haya gani? Mtu ana ulimi ambao hata mimi naupisha njia, na mimi sijulikani kwa kupisha.

Kazi yake ni kuchota. Mawe yanayotoka mgodini yana urani kidogo mno, kidogo kuliko chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Kiwandani yanasagwa mpaka yawe unga, unga unatiwa maji uwe tope jepesi, na tope hilo linasukumwa kwenye matangi sita, kila moja refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Humo linatiwa asidi, na unga mweusi wa kuisaidia asidi kufanya kazi, huku panga la chuma likikoroga mchana na usiku. Asidi inaing'oa urani kwenye jiwe na kuiingiza majini. Jiwe linabaki kapi, linatupwa. Maji yanakwenda mbele kwa watu wengine wenye mitambo yao, mpaka unapatikana unga wa njano unaofungwa kwenye mapipa. Hao wa mapipa wanajiona sana, na kofia zao nyeupe. Bila matangi wangefunga hewa.

Sasa, asidi ikipungua, urani haitoki kwenye jiwe. Ikizidi, inakula mabomba, inakula pampu, halafu inakula mtu. Kwa hiyo kila nusu saa mtu anapita kwenye daraja la chuma juu ya matangi, anachota tope kwa upawa wenye mpini mrefu kama fagio la kutolea utando, anachovya karatasi ya kupimia, anatazama rangi, kisha anafungua au anakaza koki ya asidi. Kipimo cha umeme kililetwa mara mbili, na mara zote mbili asidi ilikila. Karatasi na jicho la wifi yangu ndivyo vilivyobaki.

Na upawa huo hauwekwi chini. Miaka ya nyuma mchotaji mmoja aliutundika ukutani akaenda zake, akijua mwenzake yuko njiani. Mwenzake hakuwa njiani. Mkanda wa panga ukakatika, hakuna aliyeona, tope likatulia likawa kama saruji, wakalichimba tangi kwa sururu siku tisa. Tangu hapo kanuni ni moja: unatoka kwenye ukumbi wa matangi pale tu mwenzako anapoushika upawa mkononi mwako, na ni lazima jina lake liwe kwenye ubao wa mlangoni. Wakati wa kisa hiki ubao ulikuwa na majina matatu. Mmoja alikuwa nyumbani amevunjika mguu. Wa pili ni wifi yangu. Wa tatu ni bwana mmoja tuliyemwita Subiri, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba suruali yake inaungua, jibu lake la kwanza ni "subiri kidogo".

Kabla ya wifi, mchotaji alikuwa kaka yangu. Hakuuawa na kiwanda, aligongwa na lori barabarani akienda kununua misumari. Wageni wa msiba hawajaondoka, kampuni ikatuma barua: nyumba ile ni ya mchotaji, mjane achukue kazi au atoe vyombo. Alikuwa na watoto watatu, na alikuwa na mimi, niliyerudi kwa kaka baada ya ndoa kunishinda, au mimi kuishinda, inategemea unamuuliza nani. Akachukua upawa.

"Mwaka mmoja tu, wifi," aliniambia. "Nikishapata pumzi tunahama."

Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Mimi nilipata kazi ya kufua humo humo. Nguo za kiwandani hazitoki nje ya ukuta, kwa ajili ya vumbi lenye mionzi. Mtu anavua, anaoga, anatoka na nguo zake za nyumbani, ovaroli inabaki kwangu. Nawajua watu wote kwa ovaroli zao. Za wifi huja na matundu madogo madogo kifuani, kama zimeliwa na nondo.

Basi siku moja likabandikwa tangazo. Ule mlima wa makapi ya zamani nyuma ya kiwanda ulikuwa umefunikwa udongo, na sasa ulitakiwa upandwe miti. Anatafutwa mtu mmoja wa kitalu cha miche. Kazi ya nje, kwenye hewa. Na chini kabisa, maneno ambayo wifi aliyasoma akiwa ameyawekea kidole: mfanyakazi atakayehamishwa kutoka idara nyingine atabaki na nyumba yake ya kampuni.

"Soma na wewe," aliniambia. "Nisije nikawa nimeona ninachotaka."

Nikasoma. Ilikuwa hivyo hivyo.

Mwezi mzima nyumba yetu ikawa makopo. Makopo ya maziwa, makopo ya rangi, kila moja na mche wake. Mtoto wake mkubwa akasema mama akiendelea hivi tutalala nje, miche ilale ndani. Wifi hakujali. Alijifunza kupandikiza, alijifunza kivuli kiasi gani na maji kiasi gani, akauliza kila aliyewahi kushika jembe. Gauni la usaili alilileta kwangu chumba cha kufulia nilipige pasi na kulificha huko, maana usaili ulikuwa saa mbili asubuhi, na yeye alikuwa anatoka zamu ya usiku saa moja. Aoge, avae, avuke uwanja, dakika kumi yuko kwa karani wa ajira. Mlango wa usaili unafungwa saa tatu kamili. Hesabu ilikuwa nzuri. Ilimhitaji Subiri tu afike kazini kama watu.

Saa moja na robo wifi hajatoka. Saa moja na nusu nikaacha mashine ikizunguka, nikasukuma toroli la nguo mpaka mlango wa ukumbi wa matangi kana kwamba nakusanya ovaroli. Nikavaa barakoa, nikapanda ngazi. Yuko juu ya tangi la nne, upawa mkononi.

"Subiri yuko wapi?"

"Wewe unaniuliza mimi niliyefungiwa humu?"

"Labda anaumwa."

"Yule? Ugonjwa wenyewe ungeambiwa usubiri." Alichovya karatasi, akaitazama, akakaza koki kidogo. Miguu yake ilikuwa inapiga hatua mahali pamoja. "Mtafute msimamizi. Mwambie aje aushike yeye, hata kama jina lake halipo kwenye ubao. Yeye ndiye aliyeuandika ubao."

Nikashuka. Msimamizi nilimkuta kwenye mashine ya kusagia, kichwa kiko ndani, miguu iko nje, mkanda wa kupandishia mawe umechanika. Nilizungumza na miguu.

"Bwana mkubwa, mchotaji wa usiku hajapokelewa."

"Atapokelewa."

"Ana usaili saa mbili."

"Akae pale pale mpaka mwenzake aje. Kanuni ni kanuni, mama."

"Na mwenzake asipokuja?"

"Basi ana bahati, atalipwa zamu mbili." Akacheka huko ndani. Nilitamani kuwasha ule mkanda.

Nikaenda nyumbani kwa Subiri, nyumba ya tano kutoka kwetu. Imefungwa, pazia limeteremshwa. Jirani yake akasema ametoka mapema, tena amevaa viatu vyeusi. Nilirudi nikikimbia, na umri huu, na magoti haya. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano.

Wifi alinitazama nikipanda ngazi, akajua kabla sijafungua mdomo.

"Hayupo," nikasema.

Akageuka kutazama tangi. Nimemwona mwanamke huyu akizika mume, sikumwona akiwa vile. Alikuwa kama mtu aliyeshikwa nguo na mlango, hawezi kwenda na hawezi kukaa.

"Nipe mimi," nikasema.

"Acha utani."

"Nipe upawa, wifi. Nusu saa. Umeshanieleza mara ngapi, kila jioni unakula wali na koki ya asidi? Karatasi ikiwa nyekundu iliyoiva, sawa. Ikififia kuwa ya machungwa, fungua robo mzunguko. Ni nini kingine?"

"Jina lako halipo."

"Na lako litabaki hapo mpaka meno yaishe yote."

Hilo lilimwingia. Nililisema makusudi limwingie. Akanitazama, akautazama mlango, akautazama upawa. Kisha akanishikisha, mkono wake juu ya wangu, glavu juu ya glavu.

"Nusu saa," akasema. "Usiguse panga. Chochote kitakachotokea, panga lisisimame." Akashuka ngazi mbili mbili.

Nikabaki. Kwanza niliona ni kazi ya kawaida tu, joto na kelele, na ile harufu inayokwaruza koo hata ukiwa na barakoa. Nikachota tangi la kwanza. Karatasi ikatoka na rangi ya machungwa. Nikafungua koki robo. Nikangoja kidogo, nikachota tena. Rangi imefifia zaidi, karibu njano.

Hapa ndipo ninapotaka nieleweke. Kile ambacho wifi hakuwahi kunieleza mezani, kwa sababu kilitokea mara chache, ni chokaa. Mkanda ulipochanika asubuhi ile, watu wa mgodini walileta mawe kutoka upande mwingine wa shimo ili mashine ya pili isikae bure, na mawe ya upande ule yana chokaa. Chokaa inakula asidi kama watoto watokao shule. Karatasi inakuambia asidi imekwisha, nawe unadhani uongeze. Lakini kila unapoongeza, chokaa inachemka, inatoa hewa, na hewa inainua povu. Mchotaji anayeijua kazi akiona rangi inakimbia vile hafungui, anafunga. Mimi nilifungua. Robo, halafu nusu, halafu mzunguko mzima.

Povu lilikuja kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kwanza likavimba katikati, la kijivu, halafu likafika ukingoni, halafu likaanza kumwagika kwenye daraja nilipokuwa nimesimama. Nilipiga kelele, nadhani. Nilirudi nyuma, nikasimama na upawa kama mlinzi mwenye rungu mbele ya mafuriko.

Wifi alikuwa amekwishaoga. Alikuwa kwenye chumba changu cha kufulia, gauni limefika kiunoni, akasikia. Si kelele zangu alizosikia, aliniambia baadaye. Alisikia sauti ya panga imebadilika, imekuwa nzito halafu nyepesi, kama mtu anayepumua vibaya. Akavuta ovaroli chafu ya mtu yeyote juu ya gauni, akakanyaga buti, akarudi.

"Funga asidi!" Alikuwa bado chini. "Yote! Funga!"

Nikafunga. Akapita mbio chini ya matangi, akafunga bomba linaloleta tope, akanyakua mpira wa maji, akapanda akilipiga povu kwa maji kutoka juu, kulia, kushoto, mpaka likaanza kushuka. Tope lilikuwa limefika kwenye vifundo vya buti zetu. Akaniambia bila kunitazama, "Nipe upawa. Toka kwa mlango wa nyuma. Sasa hivi."

"Wifi, saa bado, ukikimbia—"

"Nimesema toka."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma wakati msimamizi anaingia kwa mlango wa mbele. Nikasimama nyuma ya mifuko ya unga mweusi, nikasikia kila neno.

"Kumetokea nini hapa?"

"Mawe ya chokaa," wifi akasema. "Mmebadilisha mawe hamkuniambia."

Msimamizi akashusha pumzi. "Mwingine yeyote angeacha limwagike mpaka uwanjani. Mama, wewe huwezi kutolewa kwenye matangi haya. Nitaliandika hilo."

Na kweli aliliandika. Ilikuwa saa tatu na dakika nane.

Kumbe Subiri alikuwa wapi? Kwa karani wa ajira, tangu saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza kwenye foleni, na viatu vyake vyeusi. Alitaka kitalu na yeye. Walipomuuliza mbona ana zamu, akasema wamebadilishana na mchotaji wa usiku, kwamba yule mama ameamua kuendelea na matangi, hataki tena kitalu. Wakamwamini. Walipoita jina la wifi na hakujibu mtu, waliona ni kweli. Jioni hiyo hiyo akatangazwa yeye.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, mengine hata sikujua kama ninayo. Alisimama amenyong'onyea.

"Dada, na mimi nina mapafu," akasema.

"Ungesema! Ungesema unaitaka, mkapigania mchana kweupe!"

"Ningeshindwa," akasema. "Yeye anaijua miche. Mimi sijui hata kupanda kitunguu."

Nikageuka nikarudi nyumbani.

Tangazo lilisema asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku saba. Mimi niliona jambo limekwisha. Mwongo kajulikana, jirani amemwona na viatu vyeusi, ni barua moja tu. Wifi hakuandika. Siku ya pili hakuandika, ya tatu hakuandika. Siku ya sita jioni, watoto wamemaliza kula, nikamweka chini.

"Unangoja nini?"

"Nikae niandike nini?" akasema. "Kwamba sikupokelewa, nikabaki ukumbini. Vizuri. Watachukua daftari la zamu. Nimeandika mle nilikuwa juu ya tangi tangu saa moja mpaka Subiri aliponipokea saa sita. Watauliza koki ya tangi la kwanza nani aliifungua mzunguko mzima, wakati mchotaji wa miaka kumi na moja anajua chokaa ikoje. Nitajibu nini? Nilisinzia?"

"Sema ni mimi."

"Nikisema ni wewe, nimesema nilimpa upawa mtu asiye kwenye ubao. Hiyo ni kufukuzwa, hakuna onyo. Wewe unafukuzwa kwa kuushika, mimi kwa kukupa. Nyumba inakwenda. Sasa hicho kitalu nitakipata nikiwa nimesimama wapi?"

"Basi nitakwenda mwenyewe. Niseme nilikunyang'anya."

Akacheka, na kiganja kikapanda mdomoni. "Uninyang'anye mimi? Wewe? Nani ataamini?"

Nilimwambia nisamehe. Alisema hakuna cha kusamehe, ni yeye aliyenipa. Kisha akanyanyuka kumwagilia makopo, kwa sababu miche haijui habari za rufaa.

Siku ya saba nilikwenda hata hivyo. Sikumwambia. Yeye alikuwa zamu, hawezi kutoka. Nilichukua mapazia ya ofisi niliyoyafua, nikayaweka begani, nikasimama kwenye dirisha la karani wa ajira. Saa kumi kasoro robo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote tangu asubuhi. Karani akainua kichwa, kijana wa watu, mpole.

"Una shida gani, mama?"

Nikawafikiria wale watoto watatu. Nikajaribu kuyapanga upya, nimtoe wifi ndani ya habari, nijibakize mimi peke yangu. Kila nilipomtoa, habari ilikuwa haisimami.

"Nimeleta mapazia," nikasema.

Saa kumi akafunga dirisha.

Wifi aliporudi aliuliza tu, "Wamefunga?" Nikasema wamefunga. Akala, akalala.

Subiri alipohamia kitaluni, majina kwenye ubao yakabaki mawili, na moja ni la mwenye mguu uliovunjika. Ikabidi huyo arudi akichechemea kwa zamu ya saa kumi, na ya wifi ikawa ya saa kumi na nne. Msimamizi akazunguka kutafuta mtu wa kufundishwa, na watu wakawa wanakumbuka wana shughuli kila akikohoa. Ndipo wifi akalitaja jina langu.

"Kama mtu wa pili ni wewe, hakuna atakayeniacha nimekwama na upawa tena," aliniambia. "Tangazo jingine likija, nitatoka."

Msimamizi alifurahi mno. "Nyumba moja, wachotaji wawili," akasema akiandika. "Hapa sasa nimetulia, hakuna wa kunitoroka." Wala hakuwa anatukejeli. Alikuwa anasema lililokuwa moyoni mwake.

Nilijifunza miezi mitatu. Sasa najua rangi, najua chokaa, najua kuchota bila kujimwagia, na ovaroli yangu imeanza matundu. Siku jina langu lilipoandikwa ubaoni, wifi akanishikisha upawa mbele ya watu, kwa halali. Nikamwambia nenda nje, una nusu saa nzima, kaa juani, nunua karanga, fanya utakalo.

Alirudi baada ya dakika kumi na mbili.

"Nani amekuita?" nikamuuliza.

"Panga la tangi la tatu linalia vibaya. Husikii?"

Nikasikiliza. Mimi sikusikia kitu.